Kipande Hakikuandikishwa

Somo la redio la Elimu ya Watu Wazima, limepigwa chapa kwa madarasa ya Moshi na vijiji vya Kilimanjaro

Mwenye daftari la mazoezi na alifungue. Mwenye miwani mfukoni na aivae. Leo tutasoma habari ya kompyuta.

Najua wapo watakaosema, "Mwalimu, mimi nimejua kusoma juzi tu. Kompyuta ni kazi ya vijana wa mjini." Ngoja kidogo, ndugu yangu. Ukipeleka kahawa yako kwenye chama, kilo zako huandikwa wapi? Zamani ziliandikwa katika kitabu kikubwa, kwa wino. Siku hizi katika vyama vingi huandikwa katika kompyuta. Basi kompyuta ile ni kitabu chako. Mwenye mali hapana budi ajue kidogo habari za kitabu chake, hata kama hakiandiki yeye mwenyewe.

Somo letu la leo ni hili: kompyuta inapokataa kufungua programu ya zamani, ikasema ya kuwa kipande fulani "hakikuandikishwa", maana yake nini, na tufanye nini?

KISA CHA BIBI NA KILO ZAKE

Kwanza nitawaambia kisa nilichokiona kwa macho yangu. Chama chenyewe sitakitaja jina. Kiko juu mlimani, katika migomba na mibuni, na darasa letu la kisomo lilikuwa likikutana katika baraza ya ghala lake.

Ilikuwa mwezi wa Novemba, wakati wa malipo. Kompyuta ya chama ilikuwa imechakaa, na bodi ikanunua nyingine mpya. Kijana mmoja akachukua flashi, akanakili folda ya programu kutoka kompyuta ya zamani, akaiweka katika ile mpya. Kazi ikaisha katika dakika chache, na watu wakafurahi. Lakini karani alipoifungua programu, haikufunguka. Kikatokea kisanduku kidogo chenye maneno ya Kiingereza na namba 339.

Habari ikateremka mlima upesi kuliko maji ya mfereji. Mchana watu walikuwa wakisema, "Kompyuta imemeza hesabu." Jioni wakasema, "Hesabu zimefutwa makusudi." Asubuhi yake bibi mmoja, mwanafunzi wa darasa letu, akafika ofisini akiwa na stakabadhi tatu katika ncha ya khanga.

"Mwanangu," akamwambia karani, "kilo zangu zimo au hazimo?"

"Bibi, kompyuta imekataa. Inasema haikuandikishwa."

"Nani hakuandikishwa? Mimi? Mimi nimeingizwa katika chama tangu mzee wangu alipofariki. Kihamba nakilima mimi, na jina lililomo ni langu. Nani amelitoa?"

Karani akanyamaza. Hakuwa mtu mbaya, ila yeye mwenyewe hakujua maana ya maneno aliyoyasoma. Na bibi yule alikuwa na haki ya kuogopa. Mjane ambaye jina lake halimo kitabuni anaweza kupoteza jasho la mwaka mzima.

Lakini maneno yale hayakuhusu jina la bibi hata kidogo. Yalihusu kipande cha programu. Ndiyo sababu nimelichagua somo hili.

MAANA YA KUANDIKISHWA

Sisi wa Kilimanjaro neno "kuandikishwa" tunalijua sana. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa hapa waliunda chama chao, KNPA. Mwaka 1932 ikatungwa sheria ya vyama vya ushirika, na mwaka 1933 KNCU ikaandikishwa kwa sheria hiyo. Tangu siku hiyo ilijulikana mbele ya serikali, mbele ya benki na mbele ya wanunuzi. Wakulima walikuwapo hata kabla. Mibuni ilikuwapo kabla. Kilichoongezeka ni jina katika daftari la Mrajis.

Tena mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini. Je, mibuni iling'oka? Haikung'oka. Wakulima walitoweka? La. Vihamba vilibaki palepale. Lakini chama hakikuwa na jina tena katika daftari, kwa hiyo hakikuweza kununua wala kuuza. Baadaye ikaja sheria ya mwaka 1982, na vyama vikaweza kuandikishwa upya.

Shika jambo hilo, maana ndilo msingi wa somo letu: kitu kuwapo ni jambo moja, na kitu kuandikwa katika daftari ni jambo la pili. Chaweza kuwapo bila kuandikwa. Tena chaweza kuandikwa, na chenyewe kisiwepo, kama jina la mwanachama aliyehamia Tanga zamani wala hakuna aliyelifuta.

PROGRAMU NI VIPANDE VINGI

Sasa tuingie ndani ya kompyuta. Programu ni orodha ya amri ambazo kompyuta huzifuata. Programu ya chama hupokea kilo, hujumlisha, huzidisha kwa bei, hutoa makato, kisha huchapa orodha ya malipo.

Fundi anayeandika programu hafanyi kila kitu mwenyewe. Mwenye kujenga nyumba hafui misumari wala hachomi bati. Hununua zilizo tayari. Fundi wa programu naye huchukua vipande vilivyokwisha kutengenezwa na wengine: kipande cha kuonyesha orodha katika kioo, kipande cha kalenda, kipande cha kuchapa. Kila kipande huwa ni faili. Mengi ya mafaili hayo majina yake huishia kwa herufi tatu, DLL au OCX.

Programu nyingi za ofisi za miaka ya 1990 na ya 2000 ziliandikwa kwa namna hii. Chombo kimoja kilichopendwa sana na mafundi kiliitwa Visual Basic 6, nacho kilitoka mwaka 1998. Programu zake zimedumu. Utazikuta hata leo katika ofisi, maduka na vyama, kwa sababu zinafanya kazi iliyokusudiwa na kununua nyingine ni gharama.

Programu inapotaka kipande chake, haiendi kukitafuta chumba kwa chumba. Huuliza daftari. Ndani ya Windows, yaani mfumo unaoendesha kompyuta nyingi za ofisi, mna daftari kubwa la usajili. Katika daftari hilo kila kipande cha aina hii kina namba yake, na mbele ya namba yameandikwa mahali kilipo. Wewe una namba ya NIDA yenye tarakimu 20, isiyofanana na ya mtu mwingine. Kipande cha programu kina namba yenye alama 32, nayo haifanani na ya kipande kingine.

Basi programu husema, "Nataka kipande chenye namba hii." Daftari likiwa na namba hiyo, hujibu, "Kiko katika folda fulani." Programu hukichukua na kazi huendelea. Namba isipokuwamo, au ikiwamo lakini mahali palipoandikwa hapana kitu, kazi husimama. Hapo ndipo kisanduku hutokea kikisema ya kuwa kipande hakikuandikishwa.

Namba za makosa haya zinajirudia, nazo ni vema kuzijua. Namba 339 husema kwamba faili fulani halipo au halikuandikishwa vizuri, tena hulitaja faili kwa jina. Namba 429 husema kwamba programu imeshindwa kukiita kipande. Namba 80040154 husema wazi kwamba kipande hakimo katika daftari. Ukiona mojawapo ya namba hizo, umekwisha kujua ugonjwa uko upande gani.

Je, hesabu zako ziko wapi wakati huo? Ziko mahali pengine kabisa. Programu ni kama mizani, na hesabu ni kama kahawa iliyomo ghalani. Mizani ikiharibika, huwezi kupima leo, lakini magunia hayakuyeyuka. Katika programu nyingi za wakati ule hesabu hukaa katika faili la peke yake, aghalabu jina lake huishia kwa herufi MDB. Faili hilo haliguswi na kosa la kuandikishwa.

KWA NINI JINA HUKOSEKANA?

Sababu ni nyingi, lakini tano ndizo zinazotokea mara kwa mara.

Ya kwanza ni kunakili badala ya kusimika. Hivi ndivyo alivyofanya kijana wetu. Programu inaposimikwa kutoka kwenye diski yake, huweka vipande mahali pake, kisha huviandikisha kimoja kimoja. Ukiichukua folda kwa flashi, umebeba baadhi ya vitu, lakini daftari limebaki katika kompyuta ya zamani. Ni kama mtu aliyehama kutoka chama kimoja kwenda kingine. Amekuja na kikapu chake na kahawa yake, lakini jina lake limebaki katika kitabu cha kule alikotoka.

Ya pili ni kuondolewa kwa programu nyingine. Programu mbili huweza kutumia kipande kimoja, kama majirani wawili wanaoazimana panga. Ikiondolewa moja bila uangalifu, huondoka na panga, na jirani hubaki mikono mitupu.

Ya tatu ni programu ya kukinga virusi. Mara nyingine hukishuku kipande cha zamani, ikakitia karantini. Jina limo katika daftari, lakini kipande chenyewe kimefungiwa.

Ya nne ni kipande kumtegemea mwenzake. Katika chama, mkopaji huhitaji mdhamini. Vipande navyo vina wadhamini. Kipande chaweza kuwapo, lakini mwenzake asipokuwapo, nacho hukataa kuandikishwa.

Ya tano ni kompyuta mpya yenye vyumba viwili. Hapa tukae kidogo, maana wengi huteleza hapa.

VYUMBA VIWILI VYA GHALA

Programu za zamani tunazozisema hufanya kazi kwa biti 32. Kompyuta za sasa hufanya kazi kwa biti 64. Leo huna haja ya kujua biti ni nini. Jua tu kwamba ni aina mbili za kazi, na kila aina ina chumba chake na ukurasa wake katika daftari.

Chumba kimoja huitwa System32. Cha pili huitwa SysWOW64. Mtu akisoma majina hayo atasema, "Chenye 32 ni cha programu za biti 32, na chenye 64 ni cha biti 64." Sivyo! Mambo ni kinyume. Katika kompyuta ya biti 64, chumba cha System32 ni cha vipande vya biti 64. Chumba cha SysWOW64 ndicho cha vipande vya zamani vya biti 32. Jina System32 lilikuwa limezoeleka kabla ya kompyuta za biti 64 kuja, nalo likaachwa lilivyo ili programu zisivurugike.

Rudia pamoja nami: kipande cha zamani, chumba ni SysWOW64. Mara nyingine tena: kipande cha zamani, chumba ni SysWOW64. Vema.

HATUA ZA KUFUATA

Sasa karani, au kijana wako anayesoma sekondari, na asikilize vizuri. Wewe mwanachama sikiliza pia, ili uweze kusimama karibu na kuuliza.

Hatua ya 1. Andika maneno yote ya kisanduku katika karatasi kabla ya kukifunga. Andika namba ya kosa na jina la faili, herufi kwa herufi. Mwenye simu na apige picha. Mgonjwa anayekwenda kwa mganga bila kusema panapouma hupewa dawa ya kubahatisha.

Hatua ya 2. Nakili faili la hesabu, uliweke katika flashi, na flashi uifungie kabatini. Fanya hivyo kabla ya kujaribu dawa yoyote. Usiruke hatua hii hata kama fundi ana haraka.

Hatua ya 3. Tafuta diski ya asili ya programu, au faili la kuisimika lililotolewa na fundi aliyeiandika. Isimike upya. Mara nyingi ugonjwa huishia hapa, kwa maana kusimika huweka vipande na kuviandikisha kwa pamoja.

Hatua ya 4. Kosa likibaki, tazama kama faili lililotajwa lipo. Tuseme jina lake ni MSCOMCTL.OCX. Hiki ni kipande kinachotumiwa sana na programu za zamani. Fungua folda ya SysWOW64 iliyo ndani ya folda ya Windows, ulitafute. Kama halipo, tazama karantini ya programu ya kukinga virusi, kisha tazama kompyuta ya zamani.

Hatua ya 5. Faili likiwapo, liandikishe kwa mkono. Kwanza andika herufi tatu, c, m, d, katika sehemu ya kutafutia ya Windows. Itatokea programu ya dirisha la amri. Usiifungue hivihivi. Bofya kwa kitufe cha kulia, uchague mstari unaosema iendeshwe kwa mamlaka ya msimamizi. Karani mdogo hawezi kuandika katika kitabu cha Mrajis. Hata kompyuta ina utaratibu huo.

Kisha andika mstari huu, ubonyeze kitufe cha kuingiza:

cd C:\Windows\SysWOW64

Maana yake, "Ingia katika chumba cha vipande vya zamani." Halafu andika mstari wa pili, ubonyeze tena:

regsvr32 MSCOMCTL.OCX

Tazama neno regsvr32. Lina herufi 6 na tarakimu 2, wala halina nafasi katikati. Hilo ndilo karani wa kuandikisha ndani ya Windows. Baada yake huja nafasi moja, kisha jina la faili.

Hatua ya 6. Soma jibu. Kompyuta itatoa kisanduku kimoja kati ya hivi vinne.

Kikisema imefaulu, kipande kimeandikishwa. Fungua programu.

Kikisema faili limeshindwa kupakiwa, basi faili halipo mahali ulipolitaja, au limo katika chumba kisicho chake, au mdhamini wake hayupo. Rudi hatua ya 4.

Kikisema faili limepakiwa lakini mlango wa kuandikishia haukuonekana, basi faili hilo si la aina inayoandikishwa. Usishindane nalo. Si kila faili lenye herufi DLL huandikishwa.

Kikisema limepakiwa lakini kuandikisha kumekataliwa, tena kikatoa namba kama 80070005 au 80004005, mara nyingi umesahau mamlaka ya msimamizi. Funga dirisha, anza tena hatua ya 5.

Huenda baada ya kipande kimoja kupona kisanduku kikatokea tena na jina la kipande kingine. Usikate tamaa ukadhani kazi ya kwanza imeharibika. Soma jina. Kama ni jingine, umekwisha kupiga hatua moja mbele.

MAMBO YA KUOGOPA

Kosa la kuandikishwa lenyewe halina hatari kubwa. Hatari iko katika dawa mbaya ambazo watu hulitibu nazo. Nitataja tatu.

Dawa mbaya ya kwanza ni kuchukua faili kutoka mahali pasipojulikana. Mtu hutafuta jina la faili katika intaneti, akalichukua kutoka kwa mtu yeyote anayeligawa bure. Hapo ameingiza mgeni nyumbani usiku bila kumwuliza atokako. Faili hili la MSCOMCTL.OCX ni mfano mzuri. Lilionekana kuwa na ufa ambao wezi wa kompyuta waliutumia kuingia katika kompyuta za watu, na mwezi wa Aprili 2012 kampuni ya Microsoft ikatoa marekebisho ya kuuziba. Anayechukua nakala ya zamani kutoka kwa asiyemjua aweza kuurudisha ufa uleule, au kupewa kitu kingine kabisa chenye jina hilo. Chukua kipande kwa fundi aliyeiandika programu, kwa Microsoft wenyewe, au katika diski ya asili.

Dawa mbaya ya pili ni kufuta majina katika daftari la Windows kwa mkono, au kutumia programu zinazojisifu kulisafisha. Daftari lile lina majina ya vitu vingi visivyohusu programu ya chama. Ukifuta ovyo, unaweza kuzuia hata kompyuta isiwake. Je, ungemruhusu mtu asiyejua kusoma afute majina katika kitabu cha wanachama kwa sababu kinaonekana kimejaa?

Dawa mbaya ya tatu ni kufuta kila kitu na kuanza upya kabla ya kunakili hesabu. Dawa hii huua mgonjwa. Hapo ndipo maneno "hesabu zimepotea" huwa kweli, na aliyezipoteza si kompyuta.

Tena lipo jambo la kufikiria kwa siku zijazo. Windows za zamani hazitunzwi milele. Microsoft iliacha kuitunza Windows XP mwaka 2014, Windows 7 mwaka 2020, na Windows 10 mwezi wa Oktoba 2025. Chama kinachotegemea programu ya mwaka 1998 hapana budi kipange, mapema na kwa bajeti, siku ya kuhamia nyingine. Lakini kuhama kwa mpango si sawa na kukimbia kwa hofu.

KISA KILIVYOKWISHA

Turudi kwa yule bibi. Fundi mmoja kutoka mjini alikuwa amekwisha kusema, "Futeni yote, muanze upya, mniongezee fedha kidogo." Mzee mmoja wa bodi, aliyekuwa mtunza vitabu zamani, akauliza swali moja tu: "Kompyuta ile ya kwanza iko wapi?" Ikaonekana iko stoo, juu ya magunia. Ikawashwa. Faili la hesabu lilikuwamo, zima. Likanakiliwa mara mbili. Diski ya asili ikapatikana chini ya vitabu vya risiti kabatini. Programu ikasimikwa katika kompyuta mpya. Ikakosekana kipande kimoja cha kuchapa, ambacho fundi wa programu alikiongeza miaka ya baadaye. Kikanakiliwa kutoka kompyuta ya zamani, kikawekwa katika SysWOW64, kikaandikishwa kwa ule mstari mmoja niliowafundisha.

Karani akachapa orodha. Alitaka kumsomea bibi, lakini bibi akainyosha karatasi mwenyewe, akapitisha kidole kutoka jina hadi jina, mpaka akafika kwa lake. Akatoa stakabadhi zake tatu: kilo 41, kilo 28, kilo 36. Akajumlisha polepole katika kiganja.

"Mia moja na tano," akasema. "Na hapa pameandikwa mia moja na tano. Haya, mwanangu, kumbe ni kweli."

Ndugu zangu, stakabadhi zile tatu zilikuwa nakala yake ya akiba. Hata kompyuta ingeungua, bibi angekuwa na neno la kusema. Basi usitupe stakabadhi yako, wala usifungie chumvi.

MASWALI MATATU YA MWANACHAMA

Si lazima ujue kuandikisha kipande. Lakini ukisikia, "Kompyuta imekataa," simama kwa adabu, uulize haya matatu.

Moja: Kisanduku kinasema nini, na mmeandika namba yake?

Mbili: Faili la hesabu liko wapi, na limenakiliwa lini?

Tatu: Diski ya asili ya programu iko kwa nani?

Chama chenye majibu ya maswali hayo hakitapoteza kilo za mtu kwa sababu ya kipande kisichoandikishwa. Na chama kisicho na majibu, afadhali kiyatafute leo, kabla ya msimu wa malipo.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kuandikisha: kutia jina katika daftari ili kitu kijulikane.
Kipande: faili linalofanya kazi moja ndani ya programu kubwa.
Kusimika: kuweka programu katika kompyuta pamoja na vipande na majina yake.
Nakala ya akiba: hesabu zilizonakiliwa na kuwekwa mahali pengine salama.
Msimamizi: mtumiaji mwenye mamlaka ya kubadilisha mambo katika kompyuta.

MASWALI YA DARASA

1. Kompyuta iliposema "hakikuandikishwa", ilikuwa ikisema habari ya nani au ya nini?
2. Kwa nini kunakili folda kwa flashi hakukutosha?
3. Kipande cha zamani cha biti 32 huwekwa katika chumba gani cha kompyuta ya biti 64?
4. Ni kazi gani ya kufanya kabla ya kujaribu dawa yoyote?
5. Jumlisha: kilo 41, kilo 28 na kilo 36. Kisha jumlisha stakabadhi zako mwenyewe za msimu huu.

Kazi ya wiki hii: wanafunzi watatu waende katika ofisi ya chama chao, wamsalimu katibu, wamwulize yale maswali matatu, kisha waandike majibu kwa sentensi tatu. Tutayasoma pamoja katika kipindi kijacho.